Profesa Odhiambo alitufunza kumjua mdudu kabla ya kumuua

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika nyanda hizi za Uasin Gishu, wenyeji wa Eldoret hupata wageni ambao hawakuwaalika. Sisimizi huandamana kwa mstari mmoja kutoka dirishani hadi kwenye kopo la sukari. Siafu huhama kwa majeshi na kuingia nyumbani usiku bila kubisha hodi. Kumbikumbi hujazana kwenye taa, na asubuhi mbawa zao hufagiliwa kama makapi. Mavuno yakishaingia ghalani, fukusi na dumuzi nao huanza karamu yao. Kunguni na mende hawana msimu. Wao ni wapangaji wa mwaka mzima.

Jibu letu kwa wote hao huwa ni moja. Twaenda dukani, twaulizia dawa iliyo kali kuliko zote, twanyunyiza, kisha twangoja. Baada ya majuma machache twarudi dukani kuulizia iliyo kali zaidi.

Leo nimekusudia kuwasimulia wasomaji, na hasa walimu wenzangu na wanafunzi wao, maisha ya Mkenya ambaye umri wake wote aliutumia kutuonyesha kwamba njia hii yetu ina kasoro. Mkenya huyo ni Profesa Thomas Risley Odhiambo. Jina lake hutajwa kwa heshima katika mikutano ya wanasayansi duniani, lakini waulize wanafunzi wa kidato chochote hapa kwetu na wengi watakutazama tu. Mwanariadha aliyeshinda mbio jana wanamjua, na ni haki wamjue, kwani Eldoret ni mji wa wanariadha. Hata hivyo, taifa linalowasahau wanazuoni wake hulipa gharama ya kusahau huko, na katika jambo hili gharama hulipwa jikoni, ghalani na katika mabweni ya watoto wetu.

Odhiambo alizaliwa tarehe 4 Februari 1931, Kenya ikiwa koloni la Uingereza. Alisomea Maseno, shule iliyoanzishwa na wamishonari mwaka 1906, kisha akavuka mpaka kwenda Makerere nchini Uganda, ambako vijana wachache wa Afrika Mashariki walipata elimu ya juu siku hizo. Mwafrika aliyefikia kiwango hicho alitarajiwa kuwa karani mkubwa, mwalimu, au daktari msaidizi. Odhiambo aliwachagua wadudu.

Hapana budi tukumbuke jinsi uchaguzi huo ulivyokuwa wa ajabu katika miaka ya 1950. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa imeisha, na dawa ya DDT ilikuwa imesifiwa kama mwisho wa matatizo yote. Mswisi Paul Müller, aliyegundua uwezo wake wa kuua wadudu, alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Watu wengi waliamini kwamba vita dhidi ya wadudu vimekwisha, na kilichobaki ni kununua pampu ya kupulizia. Ya nini basi mtu mwenye elimu ya Makerere kukaa kwenye kichuguu akimchungulia mdudu?

Lakini ndivyo alivyofanya. Akiwa Uganda, kabla hajapata shahada zake kubwa, alijishughulisha na kunguni wa porini wanaoishi kwa kuwinda wadudu wengine. Hawa si kunguni wa kitandani, ingawa ni wa ukoo mmoja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya mmoja wao aitwaye kwa jina la kitaalamu Acanthaspis petax, ambaye makao yake ni vichuguu vya mchwa. Mdudu huyu, angali mchanga, hula chungu. Akishawafyonza, mizoga yao huibandika mgongoni pamoja na vumbi, akatembea akiwa amebeba rundo la maiti. Watafiti waliokuja baadaye waliona kwamba buibui warukao, ambao huwinda kwa kutumia macho, hawamshambulii sana akiwa na mzigo huo kama wanavyomshambulia akiwa uchi. Mwaka uliofuata, 1959, Odhiambo alieleza habari za mwingine, Rhinocoris albospilus, ambaye mayai yake hulindwa na baba. Dume hukaa juu ya mayai siku kwa siku, akiwafukuza maadui.

Huenda msomaji akauliza faida ya habari hizi kwa mtu anayesumbuliwa na sisimizi jikoni. Faida ipo, tena kubwa. Katika shamba, bustani na kuta za nyumba zetu wamo wadudu wanaotudhuru, na wamo pia wanaowala wale wanaotudhuru. Anayenyunyiza sumu kila mahali huwaua askari pamoja na wezi. Aghalabu wezi huzaliana upesi kuliko askari, nao hurudi wakikuta mlango hauna mlinzi. Siafu wenyewe, ambao huwatia hofu hata wanaume wazima, wakipita nyumbani hula mende, kunguni na hata panya wachanga waliomo katika nyufa. Wazee wetu walilijua hilo. Waliondoa watoto wachanga, wagonjwa na kuku waliofungiwa, wakawaachia siafu nyumba kwa saa chache, kisha wakarudi kwenye nyumba safi. Walipotaka kuwazuia wasiingie, walimwaga jivu mlangoni.

Kutoka Uganda, Odhiambo alikwenda Cambridge nchini Uingereza. Huko alisoma chini ya Vincent Wigglesworth, mtaalamu ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa elimu ya jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Katika miaka ya 1930 Wigglesworth alikuwa ameonyesha kwamba mdudu hukua na kujivua gamba kwa amri ya homoni zitokazo kichwani mwake. Mojawapo ya homoni hizo humfanya mdudu abaki mtoto. Ikipungua, ndipo anapokomaa na kupata mbawa na uwezo wa kuzaa. Odhiambo alichukua nzige wa jangwani, adui wa Afrika tangu kale, akachunguza jinsi tezi itoayo homoni hiyo inavyotawala tabia na uzazi wa dume. Alipata shahada yake ya uzamifu mwaka 1965.

Elimu hiyo ilionekana kuwa ya vitabuni tu, lakini haikuchukua muda kufika majumbani. Wanakemia walijifunza kutengeneza vitu vinavyoiga homoni ya utoto. Mabuu ya viroboto au ya mbu yakipata kitu hicho hayawezi kukomaa yakazaa. Dawa za namna hiyo zimetumika katika nchi nyingi dhidi ya viroboto wa wanyama wa nyumbani, mbu, na hata aina fulani za sisimizi. Tofauti yake na sumu ya kawaida ni kwamba inalenga jambo lililomo katika mwili wa mdudu na ambalo halimo katika mwili wa mtoto wako. Silaha kama hiyo haipatikani kwa kuongeza ukali wa sumu. Hupatikana kwa kumjua adui.

Odhiambo alirudi nyumbani mwaka huohuo wa 1965, Kenya ikiwa na miaka miwili ya uhuru, akaanza kufundisha katika chuo kikuu cha Nairobi. Angaliweza kuridhika na joho la uprofesa. Badala yake, mwaka 1967 aliandika makala katika jarida la Science la Marekani akiitetea hoja ambayo wakati huo iliwashangaza wengi: kwamba Afrika Mashariki inahitaji vituo vya utafiti vya kiwango cha juu kabisa hapahapa, vitakavyoshughulikia matatizo ya hapahapa, na kuendeshwa na watu wa hapa wakishirikiana na walio bora duniani. Hakutaka Mwafrika abaki mkusanyaji wa wadudu wa kupelekwa Ulaya wakachunguzwe na wengine.

Miongoni mwa walioikubali hoja hiyo alikuwamo Carl Djerassi, mkemia maarufu aliyeshiriki katika kuzaliwa kwa vidonge vya kupanga uzazi. Vyuo vya elimu vya nchi mbalimbali vilijitokeza kusaidia, na mwaka 1970 kikazaliwa Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu, kijulikanacho kwa ufupi kama ICIPE, Odhiambo akiwa mkurugenzi wake. Makao yake makuu ya Kasarani, Nairobi, yaliitwa Duduville, yaani mji wa dudu. Neno tunalolitumia kumtisha mtoto asilale bila kuoga likawa jina la mahali ambapo wanazuoni wa dunia huja kujifunza.

Wadudu waliochunguzwa tangu mwanzo ni walewale wanaomkosesha usingizi mwananchi: mbung'o, kupe, mbu, viwavijeshi, wadudu waharibuo mtama na mahindi, na mchwa. Hebu tuwatazame mchwa kidogo, kwa kuwa hapa Eldoret wametafuna milango, vitabu na vyeti vya watu wengi. Mchwa unaowaona ukutani ni vibarua tu. Malkia wao yumo ndani ya chumba chake chini ya ardhi, mwili umemvimba hata hawezi kutembea, akitaga maelfu ya mayai kila siku. Vibarua hujenga vijia vya udongo kwa sababu ngozi yao ni laini na hewa kavu huwaua. Mwenye nyumba akimwaga sumu juu ya vibarua mia, malkia hufidia hasara hiyo kabla ya jogoo kuwika. Lakini mwenye kujua habari hizi hukagua msingi wa nyumba yake kila juma, huvunja vijia hivyo vingali vifupi, haegemezi kuni wala mbao ukutani, na hutafuta kichuguu chenyewe kilipo.

Sisimizi nao wana siri yao. Mmoja akipata chakula, hurudi nyumbani akiacha harufu njiani, na wenzake huifuata harufu hiyo. Kila apitaye huiongeza nguvu. Ukiwaponda wote walioko mezani na kuiacha harufu, wengine watakuja kwa njia ileile. Futa njia hiyo kwa maji ya sabuni, ziba ufa waliotokea, funika sukari, na miguu ya kabati la chakula iweke katika makopo ya maji. Wahenga walisema ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno, na kweli, makombo tunayoyadharau sisi ndiyo yanayowaita. Ikiwa ni lazima kutumia dawa, chambo kinachofanya kazi polepole, ambacho sisimizi hukibeba wenyewe hadi kwa malkia, hushinda mpulizo unaoua papo hapo wale wachache walio mbele ya macho.

Nimesema kwamba kutojua hulipiwa gharama. Niliwahi kufundisha katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Kunguni walizidi, na uongozi ukaagiza mabweni yapulizwe dawa iliyokusudiwa mimea shambani. Ilinunuliwa katika chupa isiyo na karatasi ya maelezo, ikapimwa kwa kifuniko. Wavulana walilala humo usiku uleule. Kesho yake darasani kwangu wengi walishika vichwa, na baadhi walitapika. Kabla ya muhula kwisha kunguni walikuwa wamerudi. Sababu yake haikuwa ya miujiza. Kunguni hujificha katika mishono ya magodoro, nyufa za vitanda na masanduku ya mbao. Mayai yao hustahimili dawa nyingi na huanguliwa baada ya siku kadhaa. Tena mdudu mzima aweza kukaa miezi bila kula. Isitoshe, katika sehemu nyingi za dunia kunguni wamekuwa sugu kwa dawa zilizozoeleka. Kikulacho ki nguoni mwako, nao kweli waliletwa na kurudishwa ndani ya nguo na masanduku. Maji ya moto, jua kali, kuziba nyufa, kukagua mizigo siku ya kufungua shule, na kurudia kazi hiyo baada ya majuma mawili kungaliwafaa wale watoto kuliko ile chupa.

Tukimrudia Odhiambo, utaona kwamba kituo chake kilifuata mkondo huo wa kujua kwanza. Huko Nguruman, kusini mwa Kenya, watafiti walitengeneza mitego ya kitambaa cha buluu na cheusi, wakatumia mkojo wa ng'ombe miongoni mwa vivutio, kwa sababu walikuwa wamejifunza kwamba mbung'o huvutwa na rangi na harufu hizo. Wafugaji waliweza kuishona wenyewe. Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, mbinu ya vuta-sukuma ilianza kukuzwa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na watafiti wa Uingereza na wa taasisi ya kilimo ya Kenya. Mkulima hupanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua, kisha huzungushia shamba nyasi za napia ziwavute nje. Desmodiamu hiyo hiyo huzuia gugu la kiduha, hurutubisha udongo na kulisha ng'ombe. Viwavijeshi vamizi kutoka Marekani walipoingia Kenya mwaka 2017 na kuyashambulia mahindi yetu, ilionekana kwamba mashamba yaliyolimwa kwa mbinu hiyo hayakuumia sana kama mengine.

Pengine kazi yake iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kuwalea watu. Mwaka 1983 kituo kilianzisha mpango wa kuwafunza vijana kutoka nchi mbalimbali za Afrika hadi shahada ya uzamifu, wakifanya utafiti wao hapa na kupewa shahada na vyuo vikuu vya Afrika. Katikati ya miaka hiyo ya 1980 alishiriki kuanzisha Chuo cha Sayansi cha Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 yeye na Rais Abdou Diouf wa Senegal walikuwa wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Afrika ya Uongozi, itolewayo kwa juhudi za kumaliza njaa. Mkuu wa nchi na mchunguzi wa wadudu walisimama jukwaa moja.

Haikuwa safari ya mteremko. Kituo kilitegemea fedha za wafadhili, na wafadhili aghalabu hutaka mavuno kabla ya mbegu kuota. Wapo waliouliza homoni za nzige zitamsaidia nini mkulima mwenye njaa, na swali hilo halikuwa la kijinga. Ni haki ya mwananchi kuuliza elimu itamfikia lini. Odhiambo aliondoka katika uongozi mwaka 1994, akapokewa na Hans Herren wa Uswisi. Alifariki dunia tarehe 26 Mei 2003. Kituo hakikufa naye. Kuanzia mwaka 2013 hadi 2023 kiliongozwa na mwanamke Mwafrika, Dkt. Segenet Kelemu wa Ethiopia, na kile cha Mbita kinaitwa kwa jina la Thomas Odhiambo.

Nimeyaeleza maisha haya kwa sababu ninaona jambo la hatari katika shule zetu. Mwanafunzi aweza kuchora sehemu zote za mwili wa panzi na kupata alama kamili, ilhali hawezi kutofautisha kiota cha sisimizi na cha mchwa nyuma ya darasa lake. Mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi wachunguze mazingira yao. Kuna mazingira gani yaliyo karibu kuliko ufa wa ukuta? Darasa halihitaji hadubini ya bei ghali ili kuanza. Linahitaji daftari, chupa safi, na subira ya kuhesabu sisimizi wangapi hupita kwa dakika moja kabla na baada ya njia yao kufutwa kwa sabuni. Huo ni utafiti kamili: una swali, kipimo na jawabu.

Nanyi wanafunzi, msimcheke mwenzenu aliyeinama uani akimtazama mdudu. Odhiambo aliinama vivyo hivyo kwenye vichuguu vya Uganda, na kutokana na kuinama huko bara zima lilipata kituo. Wilaya zetu hizi hulisha nchi kwa mahindi, na sehemu ya mahindi hayo huliwa na dumuzi kabla ya kufika chunguni. Mdudu huyo aliletwa kutoka Amerika ya Kati, akaonekana Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na akavuka kuingia Kenya kupitia Taveta mwaka 1983. Hajashindwa mpaka leo. Yule atakayemshinda huenda sasa yumo katika darasa mojawapo la Eldoret, akisubiri mwalimu wa kumwambia kwamba kazi hiyo ina heshima.

Kwa wazazi na wakuu wa shule, ombi langu ni fupi. Kabla hamjanunua chupa nyingine, ulizeni kwanza ni mdudu gani, anatoka wapi, anakula nini na mayai yake yako wapi. Msinunue dawa isiyo na maelezo, msiitie katika chupa ya soda, na ya shambani msiipeleke kitandani. Mengi katika maswali hayo manne hujibiwa kwa ufagio, sabuni, maji ya moto na udongo wa kuzibia ufa, na hakuna mtoto atakayetapika kwa ajili ya hayo.